Risala ya Vijana wa Futiboli kwa Mgeni Rasmi: Miaka Ishirini ya Jerry Rice Uwanjani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa umoja wetu,
Wazee wetu, baba zetu na mama zetu,
Makocha na wachezaji wenzetu,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutukutanisha jioni ya leo. Tunakushukuru wewe pia, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuupokea mwaliko wetu na kuacha shughuli zako nyingi ili uje kuufunga msimu pamoja nasi.

Sisi ni vijana wa familia zinazozungumza Kiswahili katika eneo la Ghuba ya San Francisco, na tunacheza futiboli ya Kimarekani katika shule zetu za sekondari. Wazazi wetu wengi walikua na kandanda, na mpaka leo wanatuuliza mchezo huu wa kugongana una faida gani kwa mtoto anayetarajiwa kusoma. Swali hilo ni la haki na linastahili jibu la heshima, kwa hiyo tumeamua kulijibu kwa kueleza maisha ya uwanjani ya mtu aliyefanya sehemu kubwa ya kazi yake hapa hapa tulipo, naye ni Jerry Rice, mdakaji wa San Francisco 49ers aliyevaa jezi namba 80.

Kwa wale ambao hawaufuatilii mchezo, mdakaji ni yule anayesimama pembeni mwa safu ya ushambuliaji. Mpira unapoanza, hukimbia njia aliyopangiwa na kukata kona mahali walipokubaliana na kwotabeki, yaani mchezaji anayerusha pasi, na mara nyingi mpira huwa umesharushwa kabla yeye hajageuka kuutazama. Akichelewa hatua moja, mpira unaangukia mikononi mwa adui. Ndiyo maana tunasema kazi yake ni ya hesabu na kumbukumbu kabla haijawa kazi ya mikono.

Katika kazi hiyo, Rice alidumu misimu 20 ya NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, kuanzia 1985 hadi 2004. Bila kuhesabu mechi za mtoano, alicheza mechi 303, akadaka pasi 1,549, akasogeza mpira yadi 22,895 na kufunga tachidauni 208, yaani kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani, kati ya hizo 197 zikiwa za kudaka. Anayemfuata kwa yadi, Larry Fitzgerald, alicheza misimu 17 kwa ubora mkubwa na kuishia yadi 17,492, maana yake ni kwamba angelazimika kucheza misimu mingine mitano, akivuka yadi 1,000 katika kila mmoja, ndipo amfikie Rice. Rekodi nyingi za michezo huvunjwa kwa tofauti ndogo, lakini hii imeachwa mbali kiasi kwamba wachezaji bora wa leo hustaafu wakiwa bado hawaioni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Rice alizaliwa Oktoba 13, 1962 mjini Starkville, jimbo la Mississippi, akakulia Crawford, kijiji kidogo cha jimbo hilo hilo. Baba yake alikuwa fundi mwashi, na wakati wa likizo watoto wa kiume walimsaidia kazini chini ya jua kali. Kaka zake walikuwa wakimrushia matofali naye akiyadaka na kumpelekea baba, kazi ambayo ilimkomaza mikono na kumfundisha kutokipa mgongo kitu kinachomjia kwa kasi. Mama yake hakutaka acheze futiboli. Aliingia timu ya shule baada ya kukutwa na naibu mkuu wa shule akitoroka kipindi. Alikimbia, na mkimbio ule ukamfanya mwalimu ampeleke kwa kocha. Tunaisimulia habari hii mbele ya wazazi bila kuifanya ruhusa ya kutoroka vipindi. Tunachokipenda ndani yake ni mwalimu aliyeona kipaji ndani ya kosa na akajua mahali pa kukipeleka.

Vyuo vikubwa vya futiboli havikumtaka. Alikwenda Mississippi Valley State, chuo cha Wamarekani weusi kilichopo Itta Bena, ambako kocha Archie Cooley alijenga mchezo wake wote juu ya pasi za kwotabeki Willie Totten. Mwaka 1984 peke yake Rice alidaka pasi 112 na kufunga tachidauni 27. Leo uwanja wa chuo hicho unaitwa kwa majina yao wawili, Rice na Totten, nasi tunaona ni haki, kwa kuwa hakuna mdakaji anayeweka rekodi bila mtu wa kumrushia.

Usiku mmoja wa mwaka huo huo, kocha wa 49ers, Bill Walsh, alimwona kwenye televisheni akiwa hotelini Houston. Makocha na wapelelezi wengi wa vipaji walitilia shaka kasi yake, kwa sababu saa iliyopima mbio zake za yadi 40 haikutoa muda wa kustaajabisha. Walsh hakuitazama saa peke yake. Katika uteuzi wa 1985, ambamo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, alibadilishana nafasi na timu ya New England ili amchukue wa 16, wakati wadakaji wengine wawili walikuwa wameshachaguliwa kabla yake.

Mwanzo wake haukuwa mzuri, na hapa tunaomba wazazi watusikilize kwa makini. Katika mwaka wake wa kwanza Rice aliangusha mipira mingi, na mashabiki wa uwanja wa Candlestick Park walimzomea. Mwezi Desemba wa mwaka huo alijibu kwa yadi 241 katika mechi moja dhidi ya Los Angeles Rams. Januari 1987, katika mtoano dhidi ya New York Giants, alikuwa ameshawaacha walinzi wote nyuma akielekea kufunga, mpira ukamponyoka mikononi bila kuguswa na mtu, na timu yake ikafungwa 49 kwa 3. Msimu uliofuata ulikatizwa na mgomo wa wachezaji, Rice akacheza mechi 12 tu, na katika hizo 12 akadaka tachidauni 22. Mdakaji Randy Moss alipofikisha 23 mwaka 2007, alihitaji mechi 16. Kwa maoni yetu msimu ule wa 1987 ndio mkubwa kuliko yote aliyocheza, hata kuliko wa 1995 alipofikisha yadi 1,848, kwa kuwa ulitanguliwa na aibu ambayo ingemtosha mtu mwingine kukata tamaa.

Ubingwa ulifuata. Januari 22, 1989, mjini Miami, katika Super Bowl, yaani fainali ya NFL, 49ers walikuwa nyuma ya Cincinnati Bengals kwa 16 kwa 13, zikiwa zimebaki dakika tatu na ushei, na walipaswa kuusogeza mpira yadi 92. Kwotabeki Joe Montana alimpa Rice pasi tatu katika safari hiyo, mojawapo ya yadi 27, lakini pasi ya ushindi ilikwenda kwa John Taylor wakati macho ya walinzi yakimfuata Rice. Alimaliza mechi akiwa na pasi 11 na yadi 215, akatangazwa mchezaji bora wa Super Bowl hiyo. Katika fainali ya mwaka uliofuata alifunga tachidauni tatu dhidi ya Denver katika ushindi wa 55 kwa 10, na katika ile ya Januari 1995 alifunga nyingine tatu dhidi ya San Diego, akipokea pasi za kwotabeki Steve Young huku bega likimuuma. Miezi michache kabla ya hapo, Septemba 5, 1994, alikuwa ameshampita Jim Brown aliyeshikilia rekodi ya tachidauni 126 tangu miaka ya sitini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Hayo yote yalionekana na watu. Yaliyoyazaa hayakuonekana, na ndiyo yaliyotufanya tumchague. Msimu ulipokwisha, wenzake wengi walikwenda kupumzika. Yeye alikwenda kwenye vilima vya Edgewood, katika wilaya ya San Mateo, mahali ambapo baadhi yetu tunapafikia kwa gari kabla chai haijapoa, akapanda njia ya mwinuko ya takriban kilomita nne kwa mbio, siku sita kwa wiki, mara nyingi akiwa na mwenzake Roger Craig. Wachezaji waliokuja kujaribu kumfuata walitapika njiani, na wengine hawakurudi siku ya pili. Mazoezini, kila alipodaka pasi, hata ile ya yadi tano, alikimbia nayo mpaka mwisho wa uwanja kana kwamba mechi imeanza, ndipo arudi kwenye mstari. Kwa njia hiyo mtu ambaye saa ilimwona wa kawaida alikuwa na kasi ile ile katika robo ya nne, wakati mlinzi wake miguu imeshamwishia. Alikuwa pia akikimbia kila njia kwa mwendo unaofanana, hivyo beki hakuweza kujua kwa kumtazama kama atakata ndani, atakata nje au ataendelea moja kwa moja.

Kuhusu kuumia, ambako ndiko wazazi wetu wana hofu zaidi, hatutaki kuficha kitu. Mchezo huu unaumiza. Katika misimu 12 ya mwanzo Rice hakukosa mechi hata moja kwa sababu ya jeraha, na tunaamini mazoezi ya mlimani yalichangia. Lakini Agosti 31, 1997, mjini Tampa, goti lake la kushoto lilipasuka kano alipoangushwa. Alirudi uwanjani Desemba 15 ya mwaka huo huo, siku ambayo 49ers walikuwa wakiistaafisha jezi ya Montana, akafunga tachidauni, na katika kudaka huko huko akavunjika kifuu cha goti lile lile. Wengi humsifu kwa kuharakisha kurudi. Sisi hatumsifu kwa hilo. Tunamsifu kwa 1998, alipokubali kupona kwanza, kisha akacheza mechi zote 16 na kupata yadi 1,157 akiwa na umri wa miaka 36.

Mwaka 2001 alivuka daraja kwenda Oakland, kwa Raiders. Mwaka 2002, mwaka aliotimiza miaka 40, alidaka pasi 92 kwa yadi 1,211 na kuifikisha timu yake Super Bowl, ambako walishindwa na Tampa Bay, ingawa yeye alifunga na kuwa mchezaji wa kwanza kudaka tachidauni katika Super Bowl nne. Baadaye alipita Seattle, akajaribu Denver, na akastaafu Septemba 2005. Mwaka 2010 aliingizwa katika Jumba la Heshima la futiboli ya kulipwa huko Canton, Ohio. Katika hotuba yake siku ile alisema kwamba hofu ya kushindwa ndiyo iliyomsukuma maisha yake yote, na kwamba anajutia kutosimama kidogo njiani kuyafurahia mafanikio yake. Maneno hayo tumeyajadili sana miongoni mwetu. Tunataka bidii ya Edgewood, lakini hatungependa kucheza kwa hofu, na tunawaomba wazazi watusaidie katika hilo kwa kuja kututazama, hata siku tunazoangusha mipira.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Kutokana na hayo tuna maombi yafuatayo mbele yako. Kwanza, viwanja tunavyotumia hufungwa msimu unapokwisha na kufunguliwa mwishoni mwa kiangazi, yaani hufungwa katika miezi ile ile ambayo Rice aliitumia kujijenga. Tunakuomba utuombee kibali cha kuvitumia asubuhi mapema, chini ya uangalizi wa makocha wetu waliokubali kujitolea. Pamoja na kibali hicho, tunaomba msaada wa kumpata mtaalamu wa tiba ya michezo atakayehudhuria mazoezi yetu na kuwa na kauli ya mwisho kuhusu nani arudi uwanjani na nani asubiri, ili asiwepo kati yetu atakayeharakisha kama ilivyotokea Desemba 1997. Kwa upande wetu tunaahidi kwamba mchezaji atakayeshuka alama darasani atasimamishwa mazoezi na manahodha wenyewe, bila kusubiri mwalimu aseme.

Ombi letu la mwisho ni kwa wazazi. Fomu za ruhusa za kupanda Edgewood zipo mezani karibu na mlango. Tutapanda kwa pamoja Jumamosi ijayo, na mzazi yeyote anayetaka kutembea nasi taratibu anakaribishwa, kwa kuwa njia ni ya watu wote.

Baada ya kusema hayo, kwa heshima na taadhima tunakukaribisha, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uzungumze nasi na kuwakabidhi vyeti wachezaji wanaohitimu mwaka huu.

Tunaomba kuwasilisha.