Rajabu, usiache kwanza

Tanga

Ndugu yangu Rajabu,

Salaam nyingi. Huku sote wazima, mama anakusalimu, ila mvua imechelewa. Mwanaidi ameniambia unataka kuacha uigizaji, eti kwa kuwa yule bwana alisema sura yako haifai kamera. Nimeumia, ndiyo maana naandika usiku huu huu.

Unamkumbuka Pete Postlethwaite, yule mwigizaji wa filamu? Jina labda hapana, sura utaikumbuka: mwembamba, mashavu yamechomoza mifupa, macho makali. Ndiye Lorbeer, yule daktari wa mwishoni mwa The Constant Gardener, sehemu waliyoipiga Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Anaonekana muda mfupi tu, na filamu nzima inamgeukia yeye.

Huyo ni mtoto wa Warrington, kaskazini mwa Uingereza, mzaliwa wa 1946. Alifundisha maigizo Manchester kwanza, ndipo akaenda kusomea uigizaji Bristol, kisha akaingia ukumbi wa Everyman, Liverpool, pamoja na Julie Walters na Bill Nighy kabla dunia haijawajua. Wapo waliomshauri abadili jina la ukoo, eti refu mno. Akakataa. Kwenye filamu akapewa walivyompa: 1984 muuza nyama, 1988 baba katili anayepiga mke na watoto. Huyo baba anatisha, Rajabu, kwa sababu hapigi kelele muda wote. Unakaa ukimsubiri alipuke.

Halafu In the Name of the Father. Ilipotoka 1993 alikuwa na miaka 47. Arobaini na saba! Anaigiza Giuseppe Conlon, mzee wa Belfast aliyefungwa bila hatia baada ya mwanawe kukamatwa kwa mabomu ya Guildford, mji wa Uingereza. Mgonjwa wa mapafu, anahema kwa tabu, hapandishi sauti, lakini mbele yake Daniel Day-Lewis, anayeigiza huyo mwanawe, anakuwa mtoto kweli. Akifa, wafungwa wanawasha karatasi na kuziachia madirishani, usiku mzima moto unashuka. Mimi nililia. Alipendekezwa kwa Oscar, ikachukuliwa na Tommy Lee Jones. Baadaye mwongozaji filamu Spielberg akamsifu kuwa mwigizaji bora kuliko wote duniani.

Sasa niambie, sura ile nani angeichagua kwa uzuri? Huyo bwana wako angemrudisha mlangoni.

Na hakuidharau sehemu ndogo hata alipokuwa mkubwa. Katika The Town, 2010, ni muuza maua: anakata miiba ya waridi taratibu huku akimtishia mtu, na unaogopa kile kisu kuliko bunduki zote za filamu ile. Alikuwa anaumwa saratani. Januari 2011 akafariki, miaka 64. Miaka michache kabla alikuwa amerudi Everyman ileile kucheza Mfalme Lear wa Shakespeare.

Nilitaka pia kukueleza habari za shamba la Pongwe, lakini hilo lisubiri, hili la kwako linaniwasha zaidi.

Mzee Kombo anasemaje? Kikundi umeshakiaga au bado? Ile sehemu ya hakimu umempa nani, na kwa nini umpe mtu? Wewe una miaka mingapi hasa, thelathini na moja? Huyo bwana aliwahi kukuona jukwaani hata mara moja? Nijibu kabla hujawaambia lolote, nakuomba.

Wako,
Hemedi