Dawa ya presha ikikusumbua, itaje kwa jina

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wako aliyewashauri wenzake waachane na vidonge vya presha kwa kuwa vinamaliza figo na nguvu za kiume, kisha akawaelekeza kwenye juisi ya rozela na kitunguu saumu. Sina ugomvi na rozela. Mwenyewe huinywa, na presha huishusha kidogo. Kilichonikera ni kwamba barua nzima haikutaja jina la kidonge hata kimoja. Kwake yeye ni "dawa za presha" basi, utadhani zote zimetoka chungu kimoja.

Mimi ni mtoa dawa mstaafu. Nimezeekea nyuma ya dirisha la dawa hapa Tanga, na siku za kliniki ya presha foleni ilikuwa ikijipanga kabla sijafungua. Udaktari sina na sijifanyi kuwa nao. Ila daktari humwona mtu anapoanzishiwa dawa. Mimi nilikuwa namwona anaporudi kuchukua nyingine, au namkosa. Wengi walioacha hawakuacha kwa ukaidi. Dawa iliwafanya kitu, wakaogopa au wakaona haya kusema, wakajikalia nyumbani mpaka siku ya kubebwa. Na kitu chenyewe mara nyingi kilikuwa cha kumalizwa kwa kubadilishiwa kidonge.

Tuanze na amlodipini, maana ndiyo inayotolewa sana siku hizi, na si bure. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa Waafrika weusi 728 katika nchi 6, Kenya na Uganda zikiwamo. Waliopewa amlodipini pamoja na dawa ya pili, iwe ya mkojo, yaani ya kutoa maji mwilini, au ya jamii ya kaptoprili, presha zao zilishuka zaidi kuliko za wale waliopewa hizo mbili bila amlodipini. Inavyofanya kazi ni hivi: kuta za mishipa midogo ya damu zina misuli, na misuli hiyo hukaza pale kalsiamu inapoingia ndani ya seli zake. Amlodipini huziba vijia vya kalsiamu. Misuli inalegea, mshipa unatanuka, moyo hausukumi tena kwa kulazimisha.

Kasoro yake ni kwamba hutanua zaidi mishipa inayopeleka damu kuliko ile inayoirudisha. Ni sawa na ukumbi wa harusi wenye lango pana la kuingilia na kijimlango cha kutokea: watu watasongamana tu humo ndani. Miguuni, damu ikisongamana kwenye vimishipa vyembamba, maji yake huvujia kwenye nyama. Asubuhi mguu mzuri, jioni kiatu hakiingii.

Jirani yangu mmoja, muuza vitumbua, alipandishiwa dozi kutoka miligramu 5 hadi 10. Hazikupita wiki nyingi vifundo vya miguu vikajaa. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Alikokwenda kuuliza, ambako sitapataja, aliambiwa moyo umechoka, akaongezewa Lasix. Sasa Lasix kazi yake ni kuzifanya figo zitoe maji na chumvi kwa wingi, na yule mama mwilini hakuwa na maji ya ziada. Maji yalikuwa yamehama mahali tu. Miguu ikabaki vilevile. Yeye akawa anaacha kikaango motoni akimbilie uani, na usiku mashavu ya miguu yanambana hadi analia, kwa sababu Lasix inapotoa maji huondoka na potasiamu. Mwishowe akatupa vyote viwili na kutangaza mtaani kwamba dawa za hospitali ni sumu.

Nilipoziona bahasha zake nilimwambia arudi kliniki akaseme maneno machache tu: nilipandishiwa amlodipini hadi kumi, miguu ikaanza kuvimba baada ya hapo. Akarudishwa kwenye 5, Lasix ikaondolewa, akaongezewa losartani, ambayo yenyewe hulegeza na mishipa ya kurudishia damu, kwa hiyo msongamano unapungua. Miguu ilirudi. Vitumbua vyake bado tunavila.

Sisemi kila mguu uliovimba ni amlodipini. Mguu ukivimba na pumzi inakatika, hasa ukilala chali, au ukivimba mmoja tu tena unauma, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo.

Kuna tabia nyingine ya amlodipini inayowadanganya watu. Hukaa mwilini muda mrefu: hupungua nusu kwa saa 30 hadi 50, kisha nusu ya iliyobaki, na kuendelea. Kwa hiyo anayeacha leo atapima kesho kutwa na kukuta presha nzuri, atamwambia kila mtu amepona, na huko wiki ijayo dawa ikishaisha mwilini presha inapanda yeye ameshaacha kupima. Hadithi za "mimi niliacha na sikufa" nyingi zimesimuliwa ndani ya siku hizo chache.

Kaptoprili na enalaprili zina asili ya ajabu kidogo. Huko Brazil kuna nyoka aitwaye jararaca ambaye anayeumwa naye presha yake huporomoka. Mwanasayansi wa huko, Sérgio Ferreira, aliichunguza sumu hiyo miaka ya 1960, na kutokana na njia hiyo kaptoprili ikatengenezwa, ikaruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1981. Kidonge hakina sumu ya nyoka, msije mkanielewa vibaya. Kilichoigwa ni namna inavyotenda. Hukizuia kimeng'enya kinachotengeneza kemikali ya kukaza mishipa. Lakini kimeng'enya hichohicho ndicho kinachovunja kemikali nyingine, bradikinini. Kikizuiwa, bradikinini inarundikana, na kwa baadhi ya watu inaleta kikohozi kikavu, cha kuwasha kooni, kisicho na homa wala makohozi.

Nimeona watu wenye kikohozi hiki wakimaliza dozi moja ya amoksilini na kuandikiwa nyingine, wakitumwa kupima kifua kikuu ilhali hawana hata cha kutema kwenye kopo, na bahasha ya enalaprili iko mfukoni muda wote. Hakuna aliyeuliza, wao hawakusema. Dawa ya kikohozi hiki ni kubadilishiwa, kwa kawaida kwenda losartani, ambayo huizuia kemikali ile ya kukaza mishipa isishike inapotaka kushika, bila kuigusa bradikinini. Baada ya kubadilishiwa, kikohozi chaweza kuchukua wiki kadhaa kuondoka, usikate tamaa siku ya tatu. Lakini midomo, ulimi au uso ukivimba ghafla baada ya kumeza kaptoprili au enalaprili, kimbia hospitali, na kidonge cha jamii hiyo usikiguse tena maishani. Hutokea kwa wachache, ila sisi watu weusi hutupata zaidi kuliko wengine.

Na mwanamke mwenye mimba, au anayeitafuta, asitumie kaptoprili, enalaprili wala losartani, zinamdhuru mtoto. Ndiyo maana kliniki ya wajawazito utasikia metildopa, ambayo kero yake kubwa ni usingizi.

Vidonge vya mkojo nitavipitia haraka. Hidroklorothiazaidi na bendrofluazaidi hutoa chumvi na maji, na zikikaa mwilini husaidia mishipa ilegee. Meza asubuhi, ukimeza jioni usiku mzima utakuwa njia moja na choo. Hupunguza potasiamu na sodiamu, ndipo mtu anapojihisi mlegevu, hasa mzee. Kidole gumba cha mguu kikiwaka moto usiku, inaweza kuwa jongo limeamshwa na kidonge hicho. Sema.

Atenololi na propranololi ni za kupunguza kasi ya moyo. Mikono hupata baridi, mwili huchoka, wengine huota ndoto mbaya. Mwenye pumu asipewe bila daktari kujua, kwa sababu propranololi hasa huweza kubana njia za hewa. Mwenye kisukari anayechoma insulini ajue kwamba yale mapigo ya moyo yanayomwonya sukari inaposhuka huweza kufichwa na dawa hizi. Kinachobaki kumwonya ni jasho. Na hizi haziachwi ghafla, hasa kwa mwenye ugonjwa wa moyo: moyo uliokuwa umeshikwa breki ukiachiwa siku moja huweza kuleta maumivu makali ya kifua au zaidi.

Sasa hilo la nguvu za kiume, maana ndilo lililompa msomaji wako wasomaji. Ni kweli linatokea. Wanaume walikuwa wanasubiri foleni iishe, wanaegemea dirisha, wanaanza na habari za mvua. Nikawa nauliza mwenyewe, kwa sauti ya chini: unatumia ipi? Mara nyingi jibu lilikuwa atenololi, au hidroklorothiazaidi, na hizo ndizo zinazolaumiwa zaidi kwa jambo hilo. Losartani na amlodipini ni nadra. Spironolaktoni, inayotolewa kwa wagonjwa wa moyo, huweza hata kumvimbisha mwanamume matiti yakamuuma, na mtu akaficha kwa kuvaa shati pana mwaka mzima wakati kipo kidonge mbadala. Tusisahau pia kwamba presha isiyotibiwa huiharibu mishipa ileile inayohitajika kwa shughuli hiyo, kwa hiyo anayeacha dawa ili apone huko anajichimbia. Kuna la hatari zaidi: mwenye maumivu ya moyo anayepewa kidonge cha kuweka chini ya ulimi akinunua sildenafili, ile dawa ya nguvu za kiume, kwa siri, vikikutana viwili hivyo presha huporomoka kiasi cha kuua.

Tukiwa hapo kwenye ulimi: wazee bado wanaomba "ile ya kupasua", yaani nifedipini ya maji, waitie chini ya ulimi presha ishuke chapuchapu. Acheni. Ubongo uliozoea presha ya juu kwa miaka, ukiishusha kwa dakika chache unakosa damu, na hicho ni kiharusi ulichojiletea mwenyewe. Vilevile ile nifedipini ya kutolewa taratibu isitafunwe wala kusagwa, maana dawa ya saa nyingi itamwagika kwa mkupuo.

Nije kwenye figo. Presha yenyewe ndiyo inayoua figo, kwa kuchakaza vimishipa vya kuchujia, na losartani na kaptoprili ni miongoni mwa dawa zinazowapa wenye kisukari figo za kudumu. Walakini upo, nao una jina: diklofenaki. Mtu ana losartani, ana kidonge cha mkojo, mgongo unamuuma, ananunua diklofenaki au ibuprofeni dukani na kuzila wiki mbili. Dawa hizo za maumivu hubakiza chumvi na maji mwilini, presha inapanda. Tena hubana mshipa unaoingiza damu kwenye figo wakati losartani imelegeza unaotoa, na kidonge cha mkojo kimeshapunguza maji. Figo inakosa msukumo pande zote. Ikija kufeli, inalaumiwa dawa iliyoandikwa kwenye kadi. Ile ya dukani haina kadi. Kwa mgongo, anza na parasetamoli, na uulize. Hivyo hivyo anayeharisha na kutapika akiwa kwenye losartani au vidonge vya mkojo asiendelee kumeza kimyakimya. Aende akaulize kama azisimamishe kwa siku chache. Na kipimo cha figo na potasiamu kabla ya kuanza losartani au kaptoprili, kisha wiki chache baadaye, ni haki ya mgonjwa. Kipimo kikipanda kidogo mwanzoni, daktari anajua hilo na hashtuki. Kikipanda sana, anabadilisha.

Ndugu Mhariri, ombi langu si kwa msomaji yule bali kwa wenzangu waliobaki madirishani. Ile bahasha ndogo ya dawa tunaandika nini? "Amlo 1x1." Basi. Mgonjwa akienda kwingine akiulizwa anatumia nini, anasema "kile cheupe kidogo", na karibu vyote ni vyeupe na vidogo, tena kiwanda kikibadilika hata umbo linabadilika. Bibi anayeshindwa kusoma ana mjukuu wa kumsomea, lakini mjukuu naye atasoma nini hapo?

Mimi nilichongesha mihuri ya mpira kwa fundi wa sokoni, mmoja kwa kila dawa tuliyokuwa tukiitoa sana. Haikuwa gharama ya kuombea bajeti. Unagonga nyuma ya bahasha, unaandika miligramu kwa kalamu, foleni inasonga. Wa amlodipini ulisomeka: AMLODIPINI. KILA SIKU. MIGUU IKIVIMBA RUDI, USIACHE. Wa enalaprili: KIKOHOZI KIKAVU RUDI UBADILISHIWE. MJAMZITO ASITUMIE. Wa losartani: USICHANGANYE NA DIKLOFENAKI. MJAMZITO ASITUMIE. Wa atenololi ulinishinda kuufupisha, kwa hiyo huo nilikuwa nauandika kwa mkono.

Anayetaka maneno yote ya mihuri hiyo ayaombe kupitia gazeti lako, nitayaleta.

Mtoa dawa mstaafu,
Ngamiani, Tanga.