Risala ya Wahitimu wa Mipango Miji kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo na walimu wetu,
Wazazi na walezi,
Wahitimu wenzetu na wageni wote mliofika,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu, nasi tunajua vikao vinavyokusubiri ukitoka hapa. Risala nyingi husifu, hulalamika, kisha huomba kompyuta na uzio. Maombi tunayo, ila si ya uzio. Sisi tumesoma mipango miji, na wewe unaketi kwenye meza zinakopitishwa kanuni za matumizi ya ardhi. Tumeona tukueleze kanuni ambayo kwa maoni yetu ndiyo ya kuanza nayo: ile inayomlazimisha mjenzi kutenga idadi fulani ya maegesho kwa kila nyumba.

Wengine watashangaa. Watu wanalia na kodi za nyumba na foleni za barabarani, wahitimu wanaleta habari za maegesho! Mtuvumilie kidogo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sehemu ya kuegesha gari moja, ukijumlisha na njia ya kuingilia na kugeuzia, hula takribani mita za mraba 25 hadi 30. Hapo panatosha chumba, jiko na bafu la mtu anayeanza maisha. Mjenzi wa ghorofa lenye nyumba 20, akitakiwa egesho moja kwa kila nyumba, anapoteza mita za mraba 500 au zaidi. Atapunguza nyumba, au atachimba chini ya ardhi kwa gharama kubwa. Gharama hiyo haimfuati mwenye gari peke yake. Inaingia katika kodi ya kila mpangaji, hata yule asiye na baiskeli. Maana yake, anayepanda basi anamlipia jirani yake mahali pa kulaza gari. Hatujampata mwalimu wa kulitetea jambo hilo, na tuliwauliza.

Kanuni hiyohiyo, pamoja na zile zinazotenganisha matumizi ya ardhi, inaliumiza basi. Basi hujazwa na watu wanaoishi na kufanya kazi karibu na kituo, kiasi cha kufika kwa miguu. Lakini kanuni ikisema eneo hili ni la nyumba za familia moja tu, lile ni la maduka tu, na baina yao pawe na uwanja wa magari, abiria watatoka wapi? New York ilipopitisha mwaka 1916 kanuni zake za kanda, yaani za kuligawa jiji kwa maeneo na kusema kila eneo lijengwe nini, hoja ilikuwa majengo marefu yaliyoziba mwanga wa barabara, na viwanda vilivyosogea mahali pasipowafaa. Ilikuwa hoja ya kweli. Baadaye, katika miji mingi, kanuni za namna hiyo zikaenda mbali mno, zikatenganisha hata vitu visivyodhuriana, kama duka la dawa na nyumba ya mgonjwa.

Jiji la Curitiba nchini Brazil lilikwenda njia nyingine. Mpango wake wa mwaka 1966 ulichora mihimili, yaani njia kuu, ambako jiji lingekua kwenda juu, na mwaka 1974 mabasi yenye njia zake yakaanza kupita kwenye mihimili hiyo. Ardhi na usafiri vilikaa katika mchoro mmoja. Kujenga njia ya mabasi kwa fedha nyingi huku kanuni ya viwanja vinavyopakana na kituo ikibaki vilevile ni sawa na kuchimba kisima na kukataza ndoo.

Mifano ya karibuni ipo. Auckland, New Zealand, mwaka 2016 iliruhusu nyumba nyingi zaidi katika kiwanja kimoja kwa takribani robo tatu ya ardhi yake ya makazi, na vibali vya nyumba za safu na maghorofa vikaongezeka. California, tangu Januari 2023, haimlazimishi mjenzi kuweka maegesho kama yuko ndani ya nusu maili, yaani takribani mita 800, kutoka kituo kikuu cha usafiri wa umma.

Hatusemi ni kazi nyepesi. Mpango wa Minneapolis, jiji la Marekani, ulioondoa maeneo ya nyumba za familia moja pekee ulishtakiwa kwa hoja za mazingira, ukazuiwa na mahakama, mpaka bunge la jimbo likaukinga kwa sheria mwaka 2024. New York nayo, Desemba 2024, ilitaka kufuta sharti la maegesho jiji zima; madiwani walipomaliza kuvutana, sharti lilifutwa katika sehemu tu ya jiji. Kwa hiyo hatukuombi muujiza wa kikao kimoja.

Sasa magari ya umeme, na hapa darasa letu liligawanyika. Wapo waliosema ndiyo dawa. Wengi wetu tunaona gari la umeme halitoi moshi, ila linachukua nafasi ileile, na foleni yake ni foleni. Tusije tukaondoa sharti la maegesho mlangoni, likarudi dirishani kwa jina la kuchaji. Kanuni nzuri ni hii: mjenzi asilazimishwe kuweka egesho, lakini akiliweka kwa hiari yake, liwe na njia ya umeme wa kuchajia. Kupitisha bomba la nyaya kabla zege halijamwagwa ni kazi ndogo. Kulivunja zege watu wakiwa wamehamia, kuongeza uwezo wa umeme wa jengo na kubishana nani alipe, hiyo ni kazi ya miaka. Vancouver, Kanada, iliweka sharti la umeme kwa maegesho yote ya makazi mapya mwaka 2019, na Uingereza ikaanza kudai chaja katika nyumba mpya zenye maegesho Juni 2022.

Tena kanuni za zamani hazikukijua kituo cha kuchaji, na zisipokitaja, ofisa huenda akakihesabu kama kituo cha mafuta na kukisogeza mbali na makazi. Kibanda cha kubadilishia betri za pikipiki hakina tangi la petroli ardhini. Kitajwe kwa jina lake, kiruhusiwe penye maduka.

Changamoto moja inatusumbua, nayo hatuna jibu lake lote. Ardhi iliyo karibu na kituo ikiruhusiwa ghorofa, bei yake hupanda, na wa kwanza kuondolewa huwa mpangaji wa nyumba ya zamani.

Hivyo tunaomba ofisi yako ianze na viwanja vilivyo ndani ya mita 800 za vituo vikuu: sharti la maegesho lifutwe, isipokuwa nafasi za watu wenye ulemavu, ghorofa linalotimiza kanuni lipewe kibali bila kuombewa kikao maalumu, na mpangaji anayeondolewa kupisha ujenzi apewe haki ya kwanza ya kurudi, kwa kodi iliyokubaliwa kabla jengo halijabomolewa. Sisi tunajitolea kupima viwanja hivyo na kuhesabu maegesho yanayokaa tupu mchana na usiku, ili rasimu ikifika mbele ya madiwani iwe na takwimu za mahali husika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.