Soda ina chumba chake, glasi imekosa nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na nianze kwa kukiri kabisa kwamba gazeti lenu mimi nalitumia mara mbili, asubuhi nalisoma na chai, mchana nalichana kipande kipande nafungia glasi za wateja. Usikasirike mhariri, ndo maisha. Nauza vyombo hapa Mwanjelwa, Mbeya, mwaka wa tisa sasa, sahani, masufuria, chupa za chai, hotipoti, ila kinachonitoa machozi ni kimoja tu nacho ni glasi. Sio kwamba haziuziki, zinauzika sana hasa msimu wa kitchen party na send-off, shida ni kwamba zinaniuza mimi kabla sijaziuza.

Mwezi wa nne nilishusha katoni 5 kutoka Kariakoo. Kila katoni ina seti 8, kila seti glasi 6, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe ni glasi 240. Tumefungua na dogo anayenisaidia dukani tukakuta 31 zimepasuka, na sio za katoni moja, zimetawanyika humo, huku mbili, huku tatu, na seti ikishapungukiwa glasi moja hiyo sio seti tena, unabaki unauza rejareja kwa bei ya kutupa. Nikampigia aliyeniuzia akasema mama mzigo ukishatoka dukani kwangu ni wako. Nikawauliza wa usafiri, wakanijibu jambo ambalo sijalisahau mpaka leo, "sisi tunabeba maboksi, hatubebi glasi".

Nilikasirika siku mbili hivi, alafu nikakaa nikaanza kuyaangalia yale maboksi yenyewe. Na hapo ndo nikaona kwamba jamaa wa usafiri kwa upande fulani alikuwa na haki. Yeye kapewa boksi. Aliyepewa glasi akaambiwa aitengenezee boksi ndo mwenye kesi.

Angalia kreti la soda. Lina vyumba 24, kila chupa na chumba chake, kuta ziko katikati, chupa haigusi chupa mwenzake. Hilo kreti linatoka mjini linapakiwa kwenye kirikuu, linashushwa, linafungwa nyuma ya bodaboda, linapanda mpaka vijiji vya juu kule Umalila barabara unaijua mwenyewe, linafika na chupa zote 24, na bado ni kioo kile kile. Au trei ya mayai, mayai 30, na yai ganda lake ni jepesi kuliko kitu chochote ninachouza mimi, ila kila yai limekaa kwenye kishimo chake, unabeba trei tano juu ya kichwa unapita nazo katikati ya watu Kabwe pale. Sasa glasi ya shilingi elfu kadhaa imefanya kosa gani mpaka iwekwe sita sita kwenye boksi jembamba na kikaratasi katikati laini kama cha kufungia maandazi?

Zamani hazikuwa hivi. Nilipoanza biashara seti zilikuja na kuta za boksi gumu lile lenye mawimbi ndani, sasa hivi wamepunguza kuta, wamepunguza ugumu, ila picha ya nje imekuwa nzuri kweli kweli, juisi ya chungwa, limao limekatwa, na majani ya mnanaa. Picha haishiki glasi jamani.

Kitu kingine nilichokuja kukigundua kwa kupima na rula ya mtoto wa shule ni urefu wa hizo kuta. Glasi ilikuwa sentimita 12, ukuta sentimita 9. Maana yake boksi likikaliwa na boksi lingine juu, uzito haushuki kwenye ukuta, unashuka kwenye midomo ya glasi, na mdomo ndo sehemu nyembamba kuliko zote. Katoni yangu moja ina kilo 12 hivi. Kwenye lori wanapanga mpaka kumi kwenda juu. Ile ya chini kabisa imebeba tisa, kilo 108, yani mtu mzima mwenye kitambi kakaa juu ya midomo ya glasi kutoka Dar mpaka Mbeya, zaidi ya kilomita 800, apande naye mlima Kitonga, aruke matuta ya Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala mpaka Uyole. Ukuta ungekuwa mrefu kuliko glasi hata kwa sentimita moja tu, huyo mtu angekaa juu ya ukuta.

Alafu kuna zile ambazo hazipasuki njiani, zinafika nzima, mteja ananunua, anapeleka nyumbani, wiki inayofuata anarudi amekasirika, mama umeniuzia glasi mbovu nimemimina chai tu ikapasuka. Mimi zamani nilikuwa nabishana nao. Wote tunajua baridi ya hapa mwezi wa sita na wa saba, glasi imelala kabatini imepoa kama jiwe la mtoni unamimina maji yanayochemka lazima iseme, ndani inatanuka nje bado imelala, na ikiwa nene ndo mbaya zaidi. Ila sio hilo peke yake. Glasi zikisuguana njiani zinachubuana, mchubuko mdogo ambao jicho halioni, na kuna Muingereza anaitwa Griffith aliandika tangu mwaka 1921 kwamba nguvu ya kioo inaishia kwenye hiyo mikwaruzo midogo, ufa mkubwa unaanzia pale. Kijana wangu aliye chuo ndo alinielezea, nikamwambia kumbe bwana huyo alikuwa anajua matatizo ya Mwanjelwa. Kwa hiyo glasi iliyofika nzima sio lazima iwe imefika salama, na kinachozuia ni kitu cha bei ndogo tu, ukuta.

Sasa hiyo ni safari. Dukani ndo kuna vita nyingine, na hapa ndo wenye viwanda hawajafikiria kabisa, wao wanadhani boksi kazi yake inaisha mzigo ukishushwa.

Mteja wa Mbeya hanunui glasi ya kwenye picha. Juzi alikuja mama mmoja wa makamo, ametoka Tukuyu, kajifunga kanga yake vizuri na kikapu mkononi, tukasalimiana pale shikamoo marahaba mwanangu, akasema nataka za mtoto wangu anaolewa. Nikampa boksi. Akalifungua. Akatoa ya kwanza akainyanyua kwenye mwanga akaizungusha, akaigonga mdomoni kwa kucha, ting, akatega sikio. Akaiweka kaunta. Ya pili ting. Ya tatu ikalia kama kikopo akaitenga pembeni kabisa bila kusema neno, na alikuwa sahihi, ilikuwa na ufa kama unywele kwenye kitako, mimi mwenyewe sikuuona. Nikambadilishia, akanunua, akasema ndaga fijo, yani asante sana kwa Kinyakyusa, akaenda zake. Mimi namheshimu sana mteja wa namna hiyo.

Ila kwa mmoja anayenunua kuna watano wanaotoa zote sita, wanazigonga, wanasema ntarudi. Na wakirudisha, kile kikaratasi cha katikati kimeshachanika, glasi ya sita haiingii inasukumizwa juu juu, kifuniko hakifungi. Jioni dogo anakusanya vitu vya nje ananyanyua boksi kwa juu kama tunavyonyanyua wote, kitako kinaachia. Sita chini. Nimkate mshahara? Mwaka wa kwanza nilikuwa namkata aliyekuwepo, nikaacha, maana ni dhambi.

Nilijaribu kutoa glasi moja moja nikazipanga kwenye shelfu kama sampuli, maboksi yakabaki yamefungwa na seloteipu. Wateja wakagoma. "Umeniwekea nzuri nje, za ndani je?" Na wana haki, wameshapigwa sana. Yapo maboksi yenye dirisha la nailoni mbele, yanavutia, ila wamekata dirisha kubwa mpaka boksi limebaki mifupa, ukiyapanga matatu kwenda juu la chini linapinda kiuno.

Basi mwezi wa saba nikamfuata jirani yangu mmoja ambaye anatengeneza maboksi ya keki, nikamwambia tutengeneze nyumba ya glasi. Tulichana maboksi ya zamani ya majokofu maana yale ni magumu. Kuta ni vipande vitatu tu, kimoja kirefu na viwili vifupi, unakata mfereji mpaka nusu ya kila kipande alafu unavifumanisha, unapata vyumba sita. Yale mawimbi ya ndani ya boksi lazima yasimame wima kama nguzo, tulivyoyalaza mara ya kwanza ukuta ukajikunja kama chapati. Urefu sentimita 13. Chini tukaweka tabaka mbili, hilo tulijifunza kwa gharama, maana boksi la kwanza nililiachia kutoka kiunoni likaua glasi mbili, mlio nikausikia tumboni. La pili lenye kitako cha tabaka mbili likatoka salama. Tukampa dogo akaenda nalo Uyole na kurudi kwa bodaboda, nikamwambia dereva asipunguze mwendo kwenye matuta, akacheka akasema mama leo umeamkaje. Zikarudi sita.

Ila kinachonifurahisha zaidi ni mambo mawili madogo. Moja, katikati ya kila ukuta tulikata nusu mwezi, upana wa vidole viwili, pembeni ukuta ukabaki mrefu vile vile ili ubebe uzito. Mteja anaingiza vidole anashika glasi tumboni, hashiki mdomo, anaitoa anaigonga ting yake anairudisha, inaingia yenyewe maana chumba kinaisubiri. Pili, kifuniko hakichaniki, kinakunjwa nyuma kinasimama kama ubao, pale ndo naandika bei kwa maka peni, na mteja akiinama anaona midomo yote sita kwa pamoja. Akiondoka nakilaza, boksi linarudi kuwa boksi. Na akinunua anaenda nalo nyumbani analiweka kabatini, maana wengi wetu glasi nzuri ni za wageni, zinatoka Krismasi na Pasaka basi. Mwalimu akipata uhamisho anafunga kifuniko anapanda basi, hana haja ya kuzifunga kwenye mashuka.

Yale maboksi nimetengeneza 20 kwa mkono, ni kazi, mgongo unauma na siwezi kushindana na kiwanda. Ndo maana naandika. Ukiniuliza karatasi ngumu itatoka wapi nakujibu itoke Mufindi hapo, Mgololo wanatengeneza karatasi ya kaki, miti ya misindano iko Sao Hill huko unaiona mpaka macho yanachoka, malori yanatupita kila siku, alafu sisi glasi zetu zinakuja na boksi la kigeni lisilofaa hata kuwashia jiko. Mwaka 2019 tulivyokatazwa mifuko ya plastiki tulilalamika sana mimi nikiwemo, mbona vifungashio vya karatasi vikajitokeza haraka tu, watu wakajifunza, wengine wametajirika.

Kwa wenye duka wenzangu, boksi lisikae kwenye sakafu ya saruji, linanyonya unyevu. Weka vibao chini. Boksi lililolowa nguvu yake hairudi yote hata likikauka, na watu wa Rungwe mnanyeshewa karibu mwaka mzima mnanielewa. Na gazeti mhariri naomba radhi, linafaa kwa safari ya kutoka dukani mpaka nyumbani, ila msiache glasi zimefungwa na gazeti miezi mitatu stoo, wino unahamia kwenye kioo na unyevu unaganda humo ndani, unakuta ukungu mweupe unasugua hautoki. Zilizoingiliana zikagoma kutoka usizivute, weka maji ya baridi kwenye ya juu, ya chini iloweke kwenye maji ya uvuguvugu, usikimbilie ya moto, zinaachiana zenyewe.

Jambo la mwisho ni ile alama. Kwenye katoni kuna picha ya glasi ya mguu mmoja, na mishale miwili inaangalia juu, na mwavuli. Nilimuuliza kuli mmoja hii glasi maana yake nini, akaniambia si ndo kilichomo ndani. Kumbe na kwenye boksi la tivii ipo, na kwenye boksi la dawa ipo, maana yake ni kitu cha kuvunjika beba taratibu, lakini kwenye katoni ya glasi nani atajua hilo? Anaona picha ya mzigo tu. Waandike kwa Kiswahili, herufi kubwa, pande zote nne, INAVUNJIKA USIRUSHE, maana kuli wetu wanasoma vizuri tu, ni vile hakuna aliyewaandikia.

Na kwako mhariri nina ombi. Huyu jirani yangu anataka kujaribu kuloweka karatasi na kuiponda, tutengeneze vitako vya glasi vya kukandamiza kama vile vya trei za mayai, na magazeti ya zamani ndo yanafaa sana. Hapa sokoni wanatuuzia kwa kilo na bei imepanda. Kama mnayo yale yanayobaki bila kuuzwa tunaomba mtuambie kilo mnauzaje, na mzigo mtatuma kwa basi au tuje kuufuata wenyewe.

Ni mimi muuza vyombo,
Mwanjelwa, Mbeya.