Birr si ngome peke yake

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu mji wa Birr, katikati ya Ireland, iliisifu ngome pamoja na darubini ya mwaka 1845, yenye kioo cha upana wa futi 6, ambayo hadi mwaka 1917 haikuwa na mshindani duniani kwa ukubwa. Hayo ni kweli, na kwa miaka mingi nimeyasoma bila kusema neno. Mwandishi wenu alipodai kwamba mji mzima umehifadhiwa, uvumilivu ulinishinda.

Nyumba niliyopanga ilikuwa na madirisha ya mbao ya kupandisha na kushusha, yenye vioo vyembamba vya zamani na vyuma vya uzani vilivyoning'inia kwa kamba ndani ya fremu. Kilichokuwa kimeoza ni ubao wa chini tu, kazi ambayo seremala mwenye subira angeimaliza bila kugusa sehemu nyingine. Mwenye nyumba akaleta mafundi, wakayang'oa yote, wakayatupa kwenye kontena la taka na kupachika plastiki nyeupe. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba ni kwa faida yangu, nisipigwe na baridi. Hawakuishia hapo. Ukuta wa mawe, uliojengwa kwa chokaa ili unyevu upate pa kutokea, ukasilibwa kwa saruji, na majira ya baridi yalipofika chumba changu kilikuwa na ukungu mweusi hadi darini. Nimezaliwa Lamu, Mhariri. Habari za chokaa sikuzipata kwenye semina.

Tena sheria haikosekani. Sheria ya mipango miji, tangu ile ya mwaka 2000, hulinda nje na ndani jengo lililoorodheshwa kuwa la urithi, na anayeliacha jengo lake mjini ligeuke gofu anaweza kutozwa asilimia 7 ya thamani yake kila mwaka. Ruzuku ya kulifufua gofu liwe makazi ilipandishwa mwaka 2023 hadi yuro 70,000. Pamoja na hayo yote, bado naona miti ikichipua juu ya madohani.

Kwa kuwa nguzo ya Emmet Square, uwanja wa katikati ya mji, iliyosimamishwa mwaka 1747 kumtukuza Duke wa Cumberland, mwana wa mfalme wa Uingereza, imebaki bila sanamu tangu mwaka 1915, napendekeza kileleni pawekwe dirisha moja la plastiki nyeupe, lifungwe imara, na chini yake ibandikwe risiti ya fundi.

Mpangaji,
Birr, Ireland