Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Wazee wangu, ndugu zangu na vijana wa chama,

Assalam aleikum. Ya kawaida mnayajua: banda limeezekwa upya, nyavu za pamoja zimeshonwa mara mbili, leseni zimelipiwa, na wenzetu watatu waliofiwa wamefikishiwa ubani. Sitayarefusha.

Nitalisema la jipiesi (GPS), kile kifaa cha kumwonyesha nahodha chombo chake kiko wapi baharini, maana nimesemwa sana.

Mwezi wa Februari tulinunua jipiesi 3 za mkononi kwa Sh 72,000. Wapo waliotaka pesa hizo ziwekwe kwa ajili ya mashine ya boti, na wanadai niliamua peke yangu. Kumbukumbu ziko kwa katibu. Mkutano uliitishwa mara mbili. Wa kwanza walikuja watu 9, wa pili 14, na chama kina wanachama 61. Mtu aliyebaki barazani akinywa kahawa asiseme hakuulizwa. Wazo lilikuwa langu, sikatai.

Nimeambiwa pia kwamba mambo ya angani ni Wazungu kuchezea pesa. Jamani, hapa Ngomeni? Majukwaa ya San Marco, yale ya kurushia roketi baharini, tunayapita kila alfajiri. Waitalia waliyasimamisha miaka ya 60, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, roketi iliondoka pale na setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani iliyotengwa kuchunguza miale ya eksirei inayotoka angani. Nakubali, Uhuru haikumpatia mtu hapa kolekole hata mmoja. Jipiesi ni habari nyingine. Kifaa kile husikiliza setilaiti zisizopungua nne, kila moja ikitaja saa yake na mahali ilipo, kikapiga hesabu ya umbali, kikajua chombo kiko wapi. Setilaiti zenyewe zinagharamiwa na serikali ya Marekani, kwa kodi za watu wake. Sisi tumenunua kifaa tu. Bili ya mwezi hakuna. Zamani Wamarekani waliipotosha kwa makusudi ishara ya raia, ukaweza kukosea hata mita 100. Mei 2000 wakaacha. Mita 100 kwenye mlango wa mwamba, usiku, wakati wa kusi: manahodha mliopo hapa sina haja ya kuwaeleza.

Waliosema simu yatosha, simu mbili zimeingia maji mwaka huu. Moja ilikuwa yangu.

Kuhusu jipiesi ya tatu kukaa kwa mpwa wangu: yeye ndiye anayekwenda mbali kuliko wote, na ametia sahihi kwa katibu. Basi.

Mwezi wa Mei, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja, tulionywa mapema tukavuta vyombo juu. Watu wa hali ya hewa hawakukiota. Walikiona kwenye picha za setilaiti kikiwa bado katikati ya bahari. Kiliishia upande wa kisiwa cha Mafia, kule Tanzania, nasi tukalalamika kwamba tumepoteza siku za kazi. Nililalamikiwa mimi, kana kwamba kimbunga nilikileta mimi.

Fedha: mapato yote, ada na makato ya samaki kwa pamoja, Sh 218,400. Matumizi Sh 203,150, jipiesi zikiwamo. Wanachama 27 hawajalipa ada ya Sh 1,200, yaani Sh 32,400 ziko mifukoni mwenu. Nimetazama orodha, na saba kati ya wanaopiga kelele zaidi juu ya jipiesi wamo humo. Majina sitayataja leo.

Mwakani, Mungu akijaalia, tutalitazama tena suala la mashine, na vijana pengine tutawatafutia mtu wa kuwafundisha kuweka alama za miamba kwenye kifaa. Itategemea ada.

Mweka hazina anapatikana bandani kila Ijumaa baada ya swala. Na anayechukua jipiesi airudishe jioni ile ile, betri zikiwa ndani.

Mwenyekiti