Kwa vijana wetu mnaotafuta msimamizi wa tasnifu ya falsafa

Wanangu wa Unguja na Pemba,

Assalaam alaykum. Mwezi huu wamenijia watatu kati yenu hapa Wete, na swali lao lilikuwa moja: nimtafute nani anisimamie? Kila mmoja alikuja na jina kubwa. Nilipouliza anataka kuandika nini, alinyamaza. Hilo limenikosesha raha, na ndiyo sababu ya barua hii.

Falsafa ina jina moja, lakini ndani yake watu wamegawana mashamba. Aliyemaliza umri wake kwa Kant, yule mwanafalsafa wa Kijerumani, huenda asijue pa kukushika ukimwandika Al-Ghazali. Atakupa moyo, atakusahihisha lugha, basi. Anayemtaka Al-Ghazali atafute mtu anayesoma Kiarabu chenyewe, au aombe wasimamizi wawili, mmoja wa falsafa na mmoja wa Kiarabu. Mmoja kati ya wale watatu baadaye aliniambia anapenda kuchunguza maana ya utu katika Kiswahili. Huyo atakutana na maandishi ya wanafalsafa kama Kwasi Wiredu wa Ghana, aliyehimiza Waafrika wayapime matatizo ya falsafa kwa lugha zao wenyewe, na Odera Oruka wa Kenya, aliyewahoji wazee wenye hekima vijijini. Sasa akisimamiwa na mtu asiyejua Kiswahili, nani atamwambia kuwa methali ameifasiri sivyo?

Wazee wetu walilijua hili. Sheikh Ahmad bin Sumeit, aliyefariki Unguja mwaka 1925, alizaliwa Ngazija na akasafiri mpaka Hadhramaut na Istanbul kuifuata elimu. Walijua wanachokitafuta kabla ya kupanda jahazi. Nanyi, kabla ya kupanda boti ya Dar es Salaam, liandikeni swali lenu kwenye kurasa mbili. Kisha someni makala za huyo mnayemtaka, mbili au tatu, mpaka muone wapi swali lenu linagusana na kazi yake. Barua pepe inayosema tu "naomba unisimamie" haimwambii kitu. Mwambie umesoma nini chake, na wapi hukukubaliana naye. Mwalimu wa falsafa wa kweli hakasiriki kwa hilo.

Waulizeni pia waliosimamiwa naye. Wangapi wamemaliza? Anarudisha kazi baada ya muda gani? Anakaribia kustaafu? Lakini akiwa mdogo kwako kwa umri, hilo lisikushughulishe. Nawaambia hasa nyinyi walimu wa skuli mliopita miaka arobaini, mnaoona haya kukaa mbele ya dokta kijana. Wittgenstein, mwanafalsafa mashuhuri mzaliwa wa Austria, alipowasilisha tasnifu yake Cambridge mwaka 1929, msimamizi wake, Frank Ramsey, alikuwa mdogo kwake kwa karibu miaka 14.

Jambo linaloniuma zaidi ni hili la haya zetu. Tumelelewa kumstahi mkubwa, na malezi hayo ni mazuri. Lakini nimeona yakiwamaliza wanafunzi. Mimi mwenyewe niliwahi kusubiri sura moja kwa miezi minane. Nikikutana na msimamizi wangu kwenye ngazi namwamkia, namuuliza hali ya watoto, napita. Niliona kumkumbusha ni kumkosea adabu. Siku nilipopata ujasiri wa kuingia ofisini kwake, nilikuta bahasha yangu chini ya rundo la mitihani, haijafunguliwa. Keshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na simlaumu peke yake. Alikuwa na wanafunzi wengi kuliko awezavyo kuwasoma, na mimi sikumwambia kuwa nimekwama. Ile miezi minane haikurudi. Ada ya mwaka ule aliilipa mama kwa karafuu.

Kwa hivyo siku ya kwanza kubalianeni wazi: sura irudi baada ya wiki ngapi, maoni yawe ya maandishi au ya mdomo, na akisafiri nani atashika nafasi yake. Wiki zikipita, andika kwa upole: "Dokta, niliwasilisha sura ya pili tarehe tano, naomba kujua lini nije kuchukua maoni yako." Hakuna utovu wa adabu hapo.

Na nyinyi binti zangu: msimamizi akianza kukutaka kwa jambo lisilohusu masomo, usimfichie siri. Mwambie mzazi au mtu unayemwamini, andika tarehe na maneno yake, na omba kubadilishiwa.

Anayetaka nimpitie zile kurasa mbili kabla hajazituma, aje nyumbani baada ya sala ya alasiri, siku yoyote isipokuwa Jumatatu, ambapo huwa Chake Chake kwa daktari. Aje nazo zimeandikwa, hata kama ni kwa mkono.

Baba yenu,
Mwalimu mstaafu, Wete